Fupisha, Lakini Yabaki Yangu

Neno "recap" lilitufikia tukiwa kidato cha kwanza, na masikioni mwetu lilikuwa "rikapu". Mwalimu wa Kiingereza alilitumia kila mwisho wa kipindi. Kengele ikikaribia, anafuta ubao, anatugeukia, anatangaza kwamba sasa turikapu. Sisi tuliotoka shule za msingi za Runazi na vijiji vya jirani tulikuwa tumesoma kila kitu kwa Kiswahili, maana ndivyo nchi ilivyoamua tangu mwaka 1967. Neno geni tulilishika pale tu lilipofanana na letu. Na kapu tunalijua. Kila nyumba ya kwetu ina kapu la sokoni na kapu la maharage. Bwenini tukaafikiana kwamba "re" ni kurudia, kama tulivyofundishwa, na kapu ni kapu: mwalimu anataka tuokote tena yale yote aliyoyamwaga tangu asubuhi, tuyatie pamoja. Tafsiri hiyo ilitufaa sana, na hakuna aliyefeli mtihani kwa sababu yake.

Asili yenyewe niliijua baadaye, nilipokuwa nimeshashika chaki. "Recap" ni kipande cha neno refu, "recapitulate", lililoingia katika Kiingereza karne ya 16 kutoka Kilatini. Ndani yake mna "capitulum", maana yake kichwa kidogo, nalo limezaliwa na "caput", kichwa. Kichwa kidogo hicho ndicho kile kinachoandikwa juu ya sehemu ya kitabu, na ndiko lilikotoka neno la Kiingereza la sura ya kitabu, "chapter". Kurikapu, basi, ni kupita tena juu ya vichwa vya mambo, kimoja baada ya kingine, bila kushuka kwenye kiwiliwili. Sisi wenyewe tuna usemi wa kichwa cha habari, kwa hiyo fikra yenyewe haikuwa ngeni hata kidogo. Ugeni ulikuwa wa sauti tu.

Warumi nao waliipata mbinu hii kwa Wagiriki. Quintilian, aliyefundisha ufasaha wa kusema mjini Roma katika karne ya kwanza, anaeleza ilikuwa ya nini. Wakili akishatoa hoja zake zote, arudi apite vichwani upesi, amkumbushe hakimu, amwekee kesi nzima mbele ya macho kwa mara moja. Hoja ambayo ilipokuja peke yake haikumgusa hakimu, inaweza kumgusa ikija na wenzake. Niliposoma hayo nilimwona mwalimu wetu wa kidato cha kwanza kwa jicho jingine. Kumbe kazi hii ilikuwa kazi ya mahakamani tangu zamani, na anayerudia vichwa ana hukumu anayoitaka.

Neno jingine wanalolitumia Waingereza, "summary", lina safari yake. Limetoka kwa "summa", kilicho juu kabisa. Warumi walijumlisha hesabu wakipanda kutoka chini, kisha wakaandika jumla kileleni mwa safu. Karani wa chama cha ushirika wa kwetu hufanya kinyume: magunia juu, jumla chini kwa wino mwekundu. Lakini wote wawili wanajua jambo moja, kwamba jumla bila safu yake haina wa kuikagua.

Na Kiswahili? Sisi tuna utajiri wa maneno ya kazi hii. Mwandishi wa gazeti anatoa dondoo, nayo inatokana na kudondoa, kuokota punje moja moja. Mwanafunzi anaandika ufupisho. Mhubiri anafika kwenye hitimisho. Katibu wa kikao anaandika muhtasari, neno tulilolipata kwa Waarabu, ambao mzizi wa neno lao hilo unazaa pia neno la kiuno. Mwingereza anahesabu vichwa, Mwarabu anabana kiuno. Tanzania tumeliongezea muhtasari kazi ya pili: muhtasari wa somo ni ile orodha ya mada ambazo mwalimu anatakiwa kuzimaliza kwa mwaka. Muhtasari mmoja unasema yaliyopita, wa pili unaamuru yajayo. Nimeishi kati ya mihtasari hiyo miwili maisha yangu yote ya kazi.

Katika elimu ya Kiislamu, "mukhtasar" ni aina kamili ya kitabu. Mojawapo mashuhuri ni cha al-Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafii huko Misri, aliyefariki karne ya 9. Na Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafii. Al-Muzani anafungua kitabu kwa kueleza kwamba ameyafupisha haya kutoka elimu ya Shafii ili kuyasogeza karibu na anayeyataka. Hapohapo anamjulisha msomaji kwamba Shafii mwenyewe alikataza watu wasimfuate yeye wala mwingine kwa kufumba macho. Sijaona tangazo la uaminifu kuliko hilo. Mfupishaji anasema: nimekuletea karibu, lakini usinichukue mimi kuwa ndiye mwenye maneno. Ningekuwa na uwezo ningelibandika tangazo hilo juu ya kila kauntabuku ya kila kamati wilayani Biharamulo.

Nasema kauntabuku kwa sababu ndiyo niliyokabidhiwa. Mwalimu kijijini haachwi akae kama watu wengine. Akiingia tu kwenye mkutano anasikia, "Mwalimu, shika kalamu." Nimeandika mihtasari ya kamati ya shule, ya jumuiya ya kanisa, ya chama cha kuzikana, ya kamati za harusi ambazo hesabu zake zilikuwa na ugomvi kuliko za halmashauri. Pale ambapo katibu alikuwa mwingine, nilikaa benchi la nyuma nikamsikiliza mwenzangu wa kalamu akisoma, na huko nyuma nimejifunza zaidi kuliko mbele.

Kikao cha kwetu kina mpangilio wake ambao hata watoto wanaochungulia dirishani wanaujua. Kufungua kikao. Kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Yatokanayo na muhtasari. Ajenda zenyewe. Mengineyo. Kufunga. Katibu anaanza na mahudhurio, waliopo na waliotoa udhuru, kisha anapiga namba: ajenda namba moja, namba mbili, namba tatu. Hivyo ni vichwa vidogo vya Warumi, vimevaa nguo za kijijini. Kati ya hivyo vyote, kinachopita haraka kuliko vingine ni cha pili. Katibu anasoma kama anayefukuzwa, mwenyekiti anauliza kama kuna marekebisho, mtu anatoa hoja muhtasari uthibitishwe, mwingine anaunga mkono, sahihi zinatiwa. Watu wengi bado wako njiani.

Siku moja ajenda hiyo ya pili haikupita. Ulikuwa mkutano wa watumiaji wa chemchemi, na katibu alikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri na haraka nyingi. Akasoma kwamba katika mkutano uliopita mjumbe mmoja alilalamikia uharibifu unaofanywa na mifugo, na iliazimiwa kuwa mifugo isipitishwe eneo la chemchemi. Mwenyekiti akauliza kama kuna marekebisho. Bibi mmoja, ambaye shamba lake linashuka mpaka bondeni, akasimama huku ameshika fimbo yake.

"Mwanangu mwenyekiti, huyo mjumbe mmoja ni mimi?"

"Ni wewe, bibi."

"Basi hayo si yangu."

Mwenyekiti akamweleza kwa upole kwamba muhtasari huandikwa kwa ufupi, hauwezi kubeba kila neno. Bibi akamgeukia katibu. "Fupisha, mjukuu wangu. Fupisha unavyotaka. Lakini yabaki yangu."

Nilikuwepo katika mkutano ule uliotangulia, na alizungumza kweli kwa muda mrefu. Alianza na marehemu mumewe na mti walioukuta pale walipofyeka. Akaja kwenye mvua za El Nino za 1997 na 1998, jinsi chemchemi ilivyohama hatua kadhaa. Akaeleza kwamba wafugaji walipokuja na ng'ombe wao walimwomba njia kwa heshima, na yeye akawapa, kwa masharti mawili: wapite kiangazi tu, maji ya huko juu yakikauka, na wapite pembezoni mwa migomba, si katikati ya mihogo. Sasa wanapita hata masika, na wanapita popote. Hakuomba mtu afukuzwe. Aliomba makubaliano yafuatwe. Nusu ya hadithi hiyo aliisema kwa Kisubi, lugha ya wenyeji, na waliokaa karibu yake wakawatafsiria Wasukuma na Waha waliokaa mbali. Katibu aliandika kwa Kiswahili.

Kijana alikuwa amefanya kile tunachokifundisha shuleni. Aliondoa mume, mti, El Nino na salamu. Alitafuta wazo kuu. Wazo kuu alilolipata lilikuwa kwamba mama mkulima anawalalamikia wafugaji, kwa sababu hadithi hiyo ilikuwa tayari kichwani mwake kabla bibi hajafungua mdomo. Wilayani kwetu hadithi ya mkulima na mfugaji imesikika mara nyingi kiasi kwamba ukitaja shamba na ng'ombe, msikilizaji anamalizia mwenyewe. Na azimio lililoandikwa lilikuwa karibu kinyume cha ombi la bibi. Lingebaki hivyo, wafugaji wangeambiwa kwamba yule aliyewapa njia ndiye aliyewafungia, na ushahidi ungekuwepo, una sahihi mbili na mhuri.

Marekebisho yalichukua muda mfupi kuliko mabishano. Kauntabuku iliandikwa upya namna hii: mkazi wa jirani na chemchemi alieleza kuwa aliruhusu mifugo ipite wakati wa kiangazi tu, pembezoni mwa migomba yake, na akaomba makubaliano hayo yafuatwe. Mkutano ulikubali. Ya kwanza ilikuwa sentensi mbili, na ya pili pia ni sentensi mbili. Mume hakurudi wala mti haukurudi, na bibi hakuwadai. Alichodai ni "tu" na "pembezoni". Tangu siku hiyo sijaamini tena mtu anayeniambia kwamba ukweli ulikosekana kwa sababu ya kukosa nafasi.

Asiyeishi kijijini anaweza kuona kwamba ni jambo dogo. Lakini kwetu karatasi ile ni mali. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya 1982 ndiyo inayotambua mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 ikasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Na mkutano mkuu unaridhia vipi? Mbele ya watu, kwa kunyoosha mikono. Lakini mikono ikishashuka, kinachobaki ni muhtasari. Ukienda kwenye baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao lazima wawe wanawake, au ukipanda ngazi za juu zaidi, swali la kwanza ni hilohilo: muhtasari wa kikao uko wapi? Shamba lililofyekwa na vizazi vitatu linaweza kusimama au kuanguka kwa mistari minne iliyoandikwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kuwahi mvua.

Nchi yetu hii ilishawahi kufupishwa na mtu mwenye haraka, tena kwa kalamu iliyosomwa dunia nzima. Mwishoni mwa mwaka 1861, msafiri Mwingereza John Hanning Speke na mwenzake James Grant walipita Usui, ufalme wa Wasubi ambao sehemu kubwa ya ardhi yake leo imo Biharamulo na Ngara, wakielekea Karagwe kwa mfalme Rumanyika. Mtawala wa Usui alikuwa Suwarora. Aliwazuia, akawatoza hongo ya nguo na nyaya, wala hakutoka kuonana nao. Kitabu cha Speke kilichapwa mwaka 1863, na msomaji wa London akamjua Suwarora kama kabaila mwenye tamaa aliyewachelewesha wasafiri.

Fikiria lakini maneno yalivyosafiri. Speke hakujua Kiswahili cha kutosha. Alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapelekwa India, na huko ndiko alikojifunza lugha hiyo kabla ya kurudi Afrika. Bombay aliyatia maneno katika Kiswahili, na kutoka hapo wengine wakayapeleka katika lugha ya wenyeji na mbele ya wakuu wa Suwarora, ambao nao waliyapeleka ndani kwa jinsi walivyoona inafaa. Jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Kila kituo kilipunguza kitu, na Speke alipoketi kuandika jioni alifupisha kilichokuwa kimeshafupishwa. Hata hongo yenyewe tunaisoma vibaya leo. Wakati ule ilikuwa ushuru wa njia, unaojulikana na kila msafara, na mtawala aliyekaa kwenye njia ya Karagwe na Buganda alikuwa na haki ya kuudai kama forodha ya leo pale mpakani Rusumo. Hayo yote yangeweza kuingia katika sentensi moja zaidi. Lakini kitabu hakikusomwa mbele ya Suwarora ili aulizwe kama ana marekebisho.

Sisemi kwamba ufupisho unaotoka nje daima ni uongo. Mwaka 1994 tulifupishwa tena, na safari hii namba zilikuwa za kweli. Tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 wakiingia Ngara kupitia daraja la Rusumo. Redio za dunia zilisema hivyo, kisha zikasema Benaco, na ulimwengu mzima ukajua kambi ya wakimbizi kabla haujajua kwamba kuna wilaya inayoitwa Ngara. Nilikuwa mwalimu kijana, na redio ya betri ndiyo iliyonieleza yaliyokuwa yakitokea upande wa pili wa vilima vyetu. Sentensi ile ilikuwa kazi nzuri ya ufupisho. Ilikuwa na namba, mahali, muda na mwelekeo, na msaada ulikuja kwa sababu sentensi ilikuwa fupi kiasi cha kusikika Geneva na New York.

Ila sentensi hiyo ilipoendelea kurudiwa mwezi baada ya mwezi, ilianza kutufanyia kazi nyingine. Wenyeji hawakuwamo. Miti iliyokatwa kwa kuni hadi wanawake wa vijiji vya karibu wakaanza kutembea mbali kutafuta kuni zao haikuwamo. Wala hawakuwamo wakimbizi wenyewe, mmoja mmoja, kwa sababu kundi la watu robo milioni halina jina. Mwaka 1995 shirika la Kijesuiti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, na sauti za watu zikaanza kusikika kwa majina yao, wakieleza wametoka wapi na wanamtafuta nani. Habari ile ya robo milioni ikaanza kufunguka upya, kutoka ufupi kurudi kwenye urefu. Nilijifunza hapo kwamba ufupisho mzuri unaweza kuharibika bila neno lake hata moja kubadilika. Unaharibika pale unapoachwa peke yake muda mrefu, mpaka watu wakasahau kwamba kulikuwa na kitu kirefu nyuma yake.

Darasani mambo haya yana njia nyingine. Mtihani wa kidato cha nne humtaka mwanafunzi afupishe habari kwa idadi fulani ya maneno, na watoto wetu wanaogopa idadi hiyo kuliko habari yenyewe. Utawaona wanahesabu kwa vidole, wanafuta "na", wanafuta "kwa", wakifika penye idadi wanaweka nukta na kushusha pumzi. Kinachoondoka kwanza siku zote ni yale maneno madogo: ila, endapo, mpaka, isipokuwa, tu. Wanayaona ni makapi. Mimi huwaambia wayaone kama mabawaba ya mlango. Ni madogo, hayana uzuri wowote, na ukiyang'oa mlango unaanguka. Habari isemayo daktari aliruhusu mgonjwa ale chumvi endapo uvimbe umekwisha, ukiiondolea "endapo" umemlisha mgonjwa sumu kwa maneno machache na sarufi safi.

Jambo la pili ninalowadai ni mtenda. Lugha ya kikao inapenda kuficha mtu: iliazimiwa, ilielezwa, ilionekana. Nani aliazimia? Nani alieleza? Nani aliona? Kauli ya kutendwa ina heshima yake, na mahali pengine inafaa, hasa pale mjumbe anapohitaji kulindwa. Lakini "ilielezwa kuwa fedha zimetumika" ni sentensi ambayo nimekutana nayo katika mihtasari mingi, na kila mara aliyefaidika nayo ni mtu yuleyule ambaye jina lake halimo. Mwanafunzi akinipa ufupisho wenye vitenzi vya namna hiyo tupu, ninamrudishia na swali moja pembeni: nani?

La tatu ni kuacha njia ya kurudi. Andika tarehe, andika namba ya ukurasa, taja jina la aliyesema. Msomaji akitilia shaka, awe na pa kwenda. Hilo ndilo alilolifanya al-Muzani kwa Shafii, na ndilo linalomruhusu karani wa ushirika alale usingizi: jumla yake iko chini, na safu nzima iko juu yake, anayetaka aje ahesabu.

Wengi sasa wananiambia kwamba kazi hii inakwisha. Vijana wa ofisini wanarekodi kikao kwa simu, wanaikabidhi programu ya akili mnemba, na muhtasari unatoka kabla chai haijapoa. Nimeisoma mihtasari hiyo. Ina Kiswahili kizuri kuliko cha makatibu wengi niliowajua, na programu hiyo haichoki kama tulivyochoka sisi. Sina ugomvi nayo. Lakini nayo hufupisha kwa kufuata hadithi zilizozoeleka, na mkulima na mfugaji ni hadithi iliyozoeleka. Ikisikia shamba na ng'ombe inaweza kumalizia mwenyewe kama yule kijana. Tofauti ni kwamba kijana alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwa bibi, akalazimika kumsomea, na bibi alikuwa na fimbo na miguu ya kusimama. Mashine inaweza kuandika. Kusomewa mbele ya mwenye maneno, hilo bado ni la kwetu kulipanga, na tusipolipanga hakuna atakayelipanga.

Ndiyo maana siku hizi, watu wakiniuliza muhtasari mzuri uwe na urefu gani, sina jibu la idadi ya maneno. Naangalia kama masharti yamebaki, kama watu wana majina, kama kuna njia ya kurudi kwenye marefu. Kisha naangalia jambo la nne, linaloyapita hayo yote: je, waliosema walikuwepo uliposomwa? Kwa mkutano wa kijiji jibu linategemea saa. Tangazo likisema saa nne, watu huja saa tano, wakijua kwamba ajenda za maana ziko mbele. Wanapofika, yale waliyoyasema mwezi uliopita yameshathibitishwa na watu wachache waliowahi, na mara nyingi wanaowahi ni walewale wenye sababu ya kuwahi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa jirani zangu wa Runazi, na kwa yeyote mwenye kikao chochote, ni mdogo na hauhitaji Kilatini. Wahi. Kaa mbele. Muhtasari ukisomwa, sikiliza sehemu yako, na kama si yako, simama useme kabla sahihi hazijatiwa.